Mama anaota jua kila asubuhi, kidonge cha vitamini D cha nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki hapa Tanga. Ameandikiwa alfakalsidoli, kidonge kidogo mno na bei yake inatuumiza. Jua la kwetu unalijua, na kila asubuhi anakaa uani. Sasa dukani nimeuziwa chupa ya vitamini D ya bei nafuu, nikaambiwa ni ileile. Nimpe ipi?
Binti yake, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Si ileile. Usimbadilishie, na chupa hiyo nenda nayo kliniki wakaione.

Jua linafanya kazi yake kwenye ngozi ya mama, lakini vitamini inayopatikana hapo bado ni mbichi. Hupita kwenye ini, kisha figo ndizo huimalizia. Figo za mama haziwezi tena kazi hiyo. Alfakalsidoli imeshavushwa hatua ya figo kiwandani, imebakiza ini tu. Ndiyo maana ni kali, hupimwa kwa mikrogramu. Hiyo ya chupa wapo wagonjwa wa mashine wanaopewa, akiba yao ikipimwa na kuonekana iko chini, ila haishiki nafasi ya kidonge hiki.

Akikikosa, kalsiamu hushuka, na zile tezi nne ndogo za shingoni huanza kuichota mifupani. Nilimshika mkono mgonjwa mmoja apande kitandani kwenye mashine, akalia kwa maumivu ya nyonga, na hakuwa ameanguka popote. Sijamsahau.

Lakini kikizidi, kalsiamu na fosforasi hupanda pamoja na kuganda kwenye mishipa ya damu. Kwa hiyo msimwongezee kwa sababu tu magoti yanauma. Kalsiamu na fosforasi zipimwe kila mwezi, au isizidi miezi mitatu. Homoni ya tezi hizo, kila miezi mitatu hadi sita. Majibu yaandike kwenye daftari lake.

Hukuniambia anakula nini. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi, na soda nyeusi vilevile. Kama ana vidonge vya kuzuia fosforasi, avimeze chakula kikiwa mezani. Akivimeza wakati wa kulala havina cha kuzuia.

Na akianza kichefuchefu, kukosa choo au kuchanganyikiwa, usimpe kidonge kinachofuata cha alfakalsidoli kabla hujaongea na daktari wake, siku hiyohiyo.