Simba kisimani aliona nini?

SWALI: Nafundisha Gredi ya 4 huku Kayole, Nairobi. Kabla ya somo la mwanga huwasomea wanafunzi hadithi ya sungura aliyemhadaa simba ajitose kisimani. Wanaipenda sana, ila kwenye mtihani wanaandika kwamba kivuli ni "sura yako ndani ya maji". Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, kosa limo kwenye neno. Mtaani "kivuli" ni pale chini ya mti, ni kile kinachokufuata juani, na pia ni sura ya majini. Msimulizi akisema simba aliona kivuli chake, mtoto ameshapotoka kabla hujashika chaki. Hapo soma "taswira".

Simama simba anapochungulia. Funga kitabu, kila mmoja achore anachodhani simba anaona, kisha tokeni nje na beseni jeusi lenye maji ya sentimita 5 hivi. Beseni jeupe hurudisha mwanga mwingi kutoka chini na kuififisha taswira, kwa hiyo litandikie kitambaa cheusi. Maji yakishatulia, mtoto ainame, ataje anachokiona: macho, meno, rangi ya sweta. Papo hapo ageuke atazame kivuli chake ardhini. Hakina macho wala rangi ya sweta, kwa sababu ni mahali tu ambapo mwili wake umezuia mwanga. Usiyaweke haya mawili katika vipindi tofauti, watayachanganya tena.

Mkirudi darasani, uliza: kungekuwa na giza totoro, simba angeona nini? Wengi watasema angejiona, na baadhi yao huamini kwamba jicho ndilo linalotoa mwanga. Swali hili lipe muda, hata kama kipindi ni cha dakika 35.

SWALI: Kitabu chetu cha hadithi kinasema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Wanafunzi walipima mwezi Juni wakabisha.

JIBU: Wana haki. Maelezo hayo yanafaa nchi kama Uingereza. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua hupita upande wa kaskazini na kivuli cha adhuhuri huangukia kusini. Desemba ni kinyume. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, mnamo saa sita na nusu mchana, kijiti kilichosimama wima karibu hakina kivuli. Pimeni tena Septemba, ila kijiti kinyooshwe kwa uzi wenye jiwe, maana kikiinama kidogo tu kivuli kitajitokeza.