Fremu ya meko imepasuka kona kabla hata ya kuwashwa moto

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Naishi Mbezi Beach, ila najenga nyumba ya mapumziko Lushoto, na kule Juni na Julai jioni haikaliki sebuleni bila moto. Fundi wangu wa Tegeta amemwaga fremu ya zege ya kuzunguka meko ya kuotea moto: kipande kimoja, umbo la mlango, unene sm 5. Siku ya nne zimetoka nyufa kwenye kona mbili za ndani. Anasema simenti ilipungua, ataongeza. Tena anataka zege hilohilo liwe ukuta wa ndani wa meko. Nimruhusu?

JIBU: Salama, dada. Usimruhusu, yote mawili.

Zege likikauka hunywea. Fremu yako ilipotaka kunywea, moldi iliizuia, na mvutano wote ukakimbilia kona za ndani. Ndiyo maana zimepasuka zote mbili, palepale. Ukiongeza simenti unaongeza kunywea. Nashuku maji yalizidi pia, maana kazi nyembamba kama hii mafundi hupenda zege liwe uji, lijae moldi lenyewe. Mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 20 hivi za maji. Ulaini utafutwe kwa dawa ya kulainisha zege. Na jua letu la Dar halina subira, kwa hiyo likishakamata tu lifunikwe nailoni, libaki na unyevu siku 7.

Mimi ningemwaga vipande vitatu, yaani nguzo mbili na rafu ya juu, halafu niache kiungo cha mm 3 pale pale ufa ulipotaka kupita. Kinapendeza kuliko ufa, na kinakuokoa kwenye usafiri. Rafu ya m 1.8 kwa sm 20, unene sm 5, ina kilo 43 hivi. Fremu nzima utaipandishaje kona za barabara ya mlimani, kutoka Mombo hadi Lushoto? Vipande visafiri vimesimama kwa ubavu, visilazwe.

Ukitaka wepesi zaidi, kuna zege la nyuzi za kioo, ambalo hutosha kwa mm 25. Ila nyuzi ziwe zile zenye zirkonia (madini yanayozikinga zisiliwe), zilizotengenezwa kwa ajili ya simenti. Nyuzi za kawaida, kama za kutengenezea boti za faiba, huliwa na simenti taratibu, na baada ya miaka michache ni kama hukuweka kitu.

Mchanga wa ufukweni hapana, na maji ya kisima chenye chumvi hapana. Chumvi hula nondo na waya, na huacha ukungu mweupe usoni ambao ukiufuta leo unarudi kesho. Kwenye fremu ya rangi ya kijivu iliyokoza unaonekana vibaya sana.

Sasa moto, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Makaa mekundu ya kuni hupita nyuzi joto 600. Zege la kawaida huanza kupoteza nguvu kwa kiasi kikubwa likipita 300. Kati ya 400 na 500 chokaa iliyomo ndani yake huvunjika, na kwenye 573 chembe za kwazi, yaani madini magumu yaliyo kwenye mchanga, hubadili umbo na kuvimba. Likiwa bado na unyevu ni hatari zaidi, maana mvuke ukikosa njia hurusha vipande. Watoto ndio hukaa mbele ya meko, dada. Chumba cha moto kijengwe kwa matofali ya tanuri na udongo wake unaohimili moto. Zege libaki nje, na kati yake na matofali iachwe nafasi ya mm 10, ijazwe pamba inayohimili moto, ili matofali yakivimba yasiisukume fremu. Moto wa kwanza usubiri siku 28, uwe wa vijiti tu, kisha uongezwe siku kwa siku.

Hiyo iliyopasuka usiivunje kwanza. Muulize fundi mchanga na maji alitoa wapi. Kama ni safi, na nyufa zimepanda wima hadi juu, akate kwa grenda kufuata nyufa hizo, anyooshe kingo, na vipande vyako vitatu vimepatikana.