Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani

Mkuu, umeuliza kama dada yako aliyekutwa na HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, tayari ana saratani, na kirusi kinawezaje kuleta uvimbe. Mimi ni muuguzi, nina miaka 11 kwenye chumba cha uchunguzi wa mlango wa kizazi.

Jibu la kwanza: hapana, majibu hayo peke yake si saratani. Wanawake wengi hukipata kirusi hiki, na kwa walio wengi mwili hukitoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida ni kinapong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18, zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii.

HPV hakina mitambo yake ya kunakili vinasaba, kinategemea ya seli. Lakini seli za tabaka za juu, kinakotaka kuzaliania, zimeshaacha kugawanyika na mitambo imezimwa. Basi kinatoa protini mbili. E7 inaikamata Rb, protini inayoizuia seli isianze kunakili vinasaba kabla ya wakati. Rb ikishikwa, seli inaanza kazi. Kwa kawaida vurugu hiyo ingeiamsha p53, ambayo huisimamisha seli au kuiamuru ife, lakini E6 inahakikisha p53 inasagwa. Seli inabaki haina wa kuizuia, inagawanyika na makosa yake, na makosa yanalimbikizana miaka 10, 15, hata 20.

Kuna jambo hunipa moyo sana. Seli za HeLa, zinazokuzwa maabara na zilizotolewa kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kule Baltimore, Marekani, mwaka 1951, zina HPV 18. Watafiti walipozima E6 na E7 ndani yake, ziliacha kugawanyika. Rb na p53 zilikuwa nzima miaka yote hiyo, zimefungwa mikono tu!

Hayo yote mimi nayaona kwa macho. Napaka siki ya hospitali kwenye mlango wa kizazi, nasubiri dakika moja. Mahali penye seli zinazogawanyika ovyo, viini vimejaa na kubanana, panageuka peupe kama utando wa maziwa, na mpaka wake unaonekana. Mwaka jana mama mmoja, aliyeletwa karibu kwa nguvu na binti yake, alikuwa na weupe wa upana wa kucha ya kidole kidogo. Tulipachoma kwa joto siku hiyohiyo, akaondoka na miguu yake kuwahi daladala.

Kwa hiyo dada aende akachunguzwe mlango wa kizazi wiki hii, asingoje kutokwa damu. Kama anaishi na VVU awaambie wahudumu, maana hatari yake ni takribani mara sita. Na kama nyumbani kuna binti wa miaka 9 hadi 14, chanjo siku hizi hapa Tanzania ni dozi moja tu.