Anayekoroma kwenye disko msimwache alale

Kazi yangu ni mitambo. Hukodiwa na spika zangu Mombasa na Kilifi: harusi, bethidei, hata zile disko matanga zinazokesha. Ukikaa nyuma ya mashine unaona mengi kuliko wanaocheza.

Kuwaambia msiguse dawa za kulevya, wazazi na maimamu wameshawaambia. Mimi nazungumzia usiku ambao mmoja wenu ameshameza.

Kinachonitisha zaidi ni bugizi na pombe. Bugizi ni dawa ya usingizi, ukoo mmoja na Valium. Pombe nayo hulegeza pumzi, na vikikutana mtu anaweza kuacha kupumua huku nyinyi mkidhani amelewa tu. Nilimkuta kijana mmoja amelazwa chali juu ya viti vya plastiki, anakoroma kwa kukwamakwama, midomo imepauka, wenzake wanamrekodi na kucheka. Tulipomgeuza ubavu matapishi yakamwagika, ndipo pumzi ikafunguka. Mwingine akaja mbio na pakiti ya maziwa! Jamani, maziwa hayatoi dawa iliyokwisha ingia damuni, na asiyejitambua ukimnywesha utampalia. Makofi na ndoo za maji ni kupoteza wakati vilevile. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, tafuta gari, hata tuktuk, aende hospitali.

Mkifika huko semeni ukweli. Kwa kuogopa polisi, watu husema "amekula chakula kibaya", na daktari anaanza kutibu kisichokuwepo. Alimeza nini, saa ngapi, alikunywa kiasi gani? Pakiti ya vidonge ikiwepo, nendeni nayo.

Molly, ile dawa ya kuchangamsha (MDMA), ina mtego mwingine. Huchukua nusu saa, pengine saa nzima, kushika. Mtu huona ameuziwa feki, anaongeza, halafu zote zinapanda pamoja. Mwili unachemka, na ukumbi wetu wa mabati hauna hata feni. Toka nje upunge upepo, kunywa maji kidogo kidogo. Kugugumia chupa nzima nzima nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu hushuka.

Glasi uliyoiacha ukaenda kucheza, ukirudi mwaga, hata kama imekugharimu mia tano. Mchele, yaani dawa ya kulaza mtu anayotiliwa kinywajini, hauonekani. Mimi hubeba soda yangu kutoka nyumbani, wanicheke wakitaka.

Anayetaka kuacha kabisa apige 1192, laini ya bure ya NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na pombe na dawa za kulevya.