Weka hiyo supaglu chini kabla hujalegeza skrubu hata moja

Umeuliza mambo matatu kuhusu piano yako ya umeme: kibonye cha G cha katikati kilichozama tangu mtoto akiegemee, pedali inayolia, na kama ni heri uuze piano yote ununue nyingine. Mimi nilisoma hadi pale uliposema "supaglu nimeshanunua, Jumamosi naifungua" nikaishia hapo.

Usipake gundi. Popote pale ndani ya piano ya umeme, usipake.

Yangu ilivunjika hivyo hivyo. Kibonye cha plastiki kina ulimi mwembamba kule nyuma, ndio unaokishika kwenye fremu huku ukikiacha kiinuke na kushuka. Ulimi ukikatika, kibonye kinalala chini ya wenzake. Nikakichomoa, nikakifunga kwa gazeti, nikampelekea fundi mmoja mjini, mtu wa redio na TV. Akakigeuzageuza, akakigonga mezani, akaniambia, "Mkubwa, hii ni plastiki tu. Supaglu, dakika tano umemaliza." Na gundi akaniuzia yeye mwenyewe! Mtu ambaye, nilikuja kujua baadaye, hajawahi kufungua piano tangu azaliwe. Angesema hajui ningemheshimu hadi leo. Lakini fundi wa Nairobi aseme hajui, nani alishaona hilo? Na kabla hujanicheka, jua kwamba nilisoma maagizo ya kwenye chupa. Yote. Hakuna mahali yameandika neno piano.

Sasa sikiliza kilichofuata. Ule ulimi hupinda kidogo kila unapobonyeza, na supaglu ikikauka haipindi, inakatika. Ilishika hadi ubeti wa pili wa wimbo wa kwaya. Hilo peke yake lingekuwa dogo, ningerudi nilipokuwa. Balaa ni kwamba tone lilishateremka chini.

Chini ya vibonye kuna ukanda wa mpira wenye vifuko vidogo, na ndani ya kila kifuko kuna vidoa vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, cha kwanza kinagusa bodi (ubao wa saketi ulio chini yake), kisha cha pili (piano nyingine zina vitatu). Mashine inapima muda uliopita kati ya mguso mmoja na mwingine, na hapo ndipo inajua umepiga kwa nguvu au taratibu. Pakiharibika hapo, kibonye ama kinanyamaza ama kinapayuka. Na supaglu hata isipodondoka, inapokauka hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye vitu vya jirani. F yangu ikanyamaza kabisa. A nayo, hata uiguse kwa ncha ya kidole, ikawa inatoka kwa sauti ya mwisho. Watu wameinamisha vichwa, kwaya iko kwenye "utuhurumie" ya chini chini, A inaita kama makanga wa matatu za Rongai. Nikajaribu kusema ni mtindo mpya. Mwalimu wa kwaya hakucheka.

Nikafungua tena nisafishe. Mpira ulikuwa umeshikana na bodi. Nikauvuta polepole kwa ukucha, ukaachia, nikafurahi, kisha nikaona kile kidoa cheusi kimebaki kwenye bodi na kifuko kimechanika pembeni. Mpira huo hauuzwi wa kibonye kimoja kimoja, ni ukanda wa vibonye vingi. Na bodi ilikuwa imechubuka. Kipande kimoja cha plastiki kikageuka kuwa ukanda, bodi, nauli ya kutoka ng'ambo na ushuru juu yake. Kwa muda mrefu piano ile ilikuwa ya kuanikia soksi.

Kibonye kilichovunjika hubadilishwa, hakiungwi. Na spea unayo tayari: kama piano yako ina vibonye 88, ile G ya juu kabisa mara ya mwisho uliigusa lini? Ichomoe, iweke katikati. G kwa G lakini, usijaribu A, kwa sababu mikato ya pembeni ya kupisha vibonye vyeusi haifanani. Nyundo zilizo chini ya vibonye, zile zinazovipa uzito, ziache zilipo, kwani piano nyingi uzito wake hupungua kutoka besi kwenda juu. Kisha agiza G moja bila haraka, ukitaja modeli iliyoandikwa tumboni mwa piano, na ikifika ikae kule juu. Kama ni kile kinanda chepesi kisicho na nyundo, vibonye mara nyingi huja vimeshikana kwa seti, hapo itabidi ununue seti.

Lakini hakikisha kwanza kweli kimevunjika. Kikiinuka sawa na wenzake ila hakitoi sauti, mara nyingi huo ni uchafu kwenye mpira: alkoholi ya isopropili, pamba ya masikio, uache pakauke. Kikipanda kwa uvivu, tafuta sarafu ya shilingi kumi ambayo huenda mtoto aliitumbukiza kati ya vibonye. Mafuta ya kopo ya kulegeza kutu yabaki kwenye geti lako.

Wakati wa kufungua, chomoa umeme, laza piano juu ya blanketi, na skrubu zipange kwenye trei ya mayai kwa mpangilio ulivyozitoa, maana urefu wake hautoshani na ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kupasua plastiki. Nyaya bapa usizivute, angalia kwanza kama zina kibano cha kufungua. Kile kipande cha ulimi kilichokatika kitafute hadi ukipate, kikibaki ndani kitakwamisha kibonye kingine. Na kabla ya kurudisha skrubu zote, washa, piga G na majirani zake wote, mara moja taratibu, mara moja kwa nguvu.