Re: Programu inawaka kwenye laptopu, seva inaikataa

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya Java inawaka kwenye laptopu lakini seva inaikataa. Hizo namba ulizobandika kutoka kwenye ujumbe wa kosa, 61.0 na 55.0, ndizo jibu lenyewe: ni namba za matoleo ya faili ambazo Java huendesha. 61 ni Java 17 uliyokompailia, yaani uliyotumia kugeuza msimbo wako kuwa faili hizo. 55 ni Java 11, kikomo cha seva ya ofisi yenu. Java mpya husoma faili za zamani, ya zamani haisomi mpya.

Kompaili upya kwa amri ya javac --release 11. Tafadhali usitegemee vigezo vya javac vya -source na -target pekee: zitakuachia uite vitu ambavyo Java 11 haina, kama toList() ya Stream (sehemu ya Java ya kuchakata orodha za data) iliyokuja na Java 16, na programu itawaka kisha ianguke katikati ya kazi. Mimi yalinikuta kwenye duka moja Luthuli Avenue, Nairobi, Jumamosi, wateja wamepanga foleni, risiti hazitoki.

Ukitumia Maven, zana ya kujenga programu za Java, weka maven.compiler.release iwe 11.