Ukiingia thieta, kaa upande wa miguu

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa barazani baada ya swala ya Isha, mtaa umetulia. Unasema mwaka wako wa mazoezi hospitalini unaisha mwezi ujao, na daktari wako mkubwa anakushawishi usomee mifupa kisha ubobee kwenye uti wa mgongo. Halafu ukaniuliza: "Mama, umesimama na madaktari wa upasuaji mezani thieta miaka 27 ukiwapa vifaa. Wanaobaki kwenye mgongo na wanaoukimbia wanatofautiana wapi? Na mimi unaniona upande gani?"

Hilo si swali la kujibu kwa simu. Nimeandika kwa mkono, mdogo wako atazipiga picha kurasa akutumie. Usome ukiwa umeshakula.

Najua unafikiria mikono. Kila mwanafunzi aliyepita kwenye meza yangu alifikiria mikono. Nayo ina kazi yake, sikatai. Kila pingili ya mgongo ina vijidaraja viwili vyembamba vya mfupa, kushoto na kulia, na skrubu haina njia nyingine ila kupita humo. Kwenye pingili za kifuani kuna mahali kijidaraja hakifiki hata milimita 5 kwa upana. Ukikosea kwa ndani umeugusa ugwe wa fahamu, ule unaoshuka kutoka ubongoni ndani ya mgongo, ambao unene wake ni kama wa kidole chako kidogo. Ukipitiliza kwa mbele umekutana na mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni. Daktari anatafuta njia taratibu, vidole vinausikiliza mfupa unapokaza na unapolegea. Lakini hayo yanafundishika. Nimeona vijana walioanza wakitetemeka, baada ya miaka mitatu mkubwa wao anawaachia upande mzima. Na mwenye mikono mizuri kuliko wote niliowahi kuwahudumia alihamia kwenye magoti na nyonga, hakurudi tena.

Nikueleze nilikokuwa nakaa mimi.

Kabla ya kupata mashine za kufuatilia mishipa ya fahamu, tulikuwa na kipimo kimoja tu, ambacho Stagnara wa Lyon, Ufaransa, na wenzake walikiandika mwaka 1973. Sisi tulikiita "kumwamsha". Mtoto amelala kifudifudi, tumbo linaning'inia bila kugusa meza, maana tumbo likibanwa mishipa ya mgongo inajaa na kidonda kinafurika damu. Mgongo uko wazi kutoka mabegani hadi kiunoni, vyuma vimefungwa, pale palipopinda pamenyooshwa. Sasa daktari wa usingizi anapunguza dawa, na chumba kizima kinanyamaza. Anainama sikioni kwa mtoto, anamwita jina lake. "Nibane mkono." Mkono ukibana tunajua yupo nasi. Ndipo anamwambia, "Chezesha vidole vya miguu."

Lazima awepo mtu aliyechuchumaa chini ya mashuka ya kijani, na tochi, akitazama miguu. Siku ambazo sikuwa nimevaa gauni la mezani, mtu huyo alikuwa mimi.

Vidole kumi, mwanangu. Nimekaa chini ya shuka lile nikisikia moyo wangu masikioni. Nikisema, "Vimecheza, miguu yote miwili," nasikia watu juu yangu wakishusha pumzi. Mtoto anarudishwa usingizini, na kwa kawaida kesho yake hakumbuki kitu wala hakuona maumivu. Jana yake nakuwa nimeshakwenda wodini kumzoesha, tunacheza naye mchezo wa kubana mkono na kuchezesha vidole hadi anacheka. Kuna mmoja alitoka milimani Lushoto, Kiswahili hakijamkaa vizuri, nikamfundisha kwa Kisambaa. Siku yenyewe akaitwa kwa Kiswahili. Mkono ukabana, miguu kimya. Nikatoka chini ya shuka, nikaenda kumsemesha mwenyewe kwa Kisambaa, nikarudi mbio. Vikacheza. Daktari akarudi hatua moja nyuma, mikono ameikunja kifuani, akakaa hivyo muda kabla ya kuomba kifaa kingine.

Kuna siku havikucheza.

Sijawahi kukusimulia. Ulikuwa darasa la tano, na mimi nilirudi nyumbani nikasema kichwa kinauma. Alikuwa mvulana wa miaka 14, kibiongo cha TB ya mgongo. Ugonjwa wenyewe mmeusoma. Percivall Pott wa London aliueleza tangu 1779, na dawa zikianza mapema wengi wanapona bila kisu. Huyu alicheleweshwa. Kwanza alikandwa, kisha akaambiwa amerogwa, kisha akapewa dawa za maumivu. Alipofika kwetu pingili tatu zilikuwa zimeliwa, mgongo umekunjika kama kiwiko, miguu imeanza kulegea. Bila upasuaji ingeisha kabisa. Walikubaliana wafanye, na mpaka leo naamini walikuwa sahihi kukubaliana.

Alipoamshwa, mkono ulibana. Miguu haikucheza. Wakalegeza vyuma, wakapandisha presha ili damu ifike kwenye ugwe, tukasubiri, akaamshwa tena. Mkono ukabana kwa nguvu, maana alikuwa mtoto msikivu, anajitahidi kufanya alichofundishwa. Miguu ile ile, imetulia kwenye mwanga wa tochi yangu. Ikabidi niseme kwa sauti kwamba sijaona kitu.

Mezani walikuwepo madaktari wawili. Wa mikono mizuri, niliyekutajia, ndiye alikuwa kiongozi siku ile. Alifunga kidonda vizuri mno, akavua glovu, akatoka kwa mlango wa stoo. Yule msaidizi wake alikwenda kwenye benchi alipokaa mama wa mtoto, akaketi naye. Nilikuwa nasukuma kitanda, nikamsikia: "Mama, miguu haijacheza. Mimi ni mmoja wa waliomfanyia. Kesho asubuhi nitakuwa hapa." Hakuanza kumwelezea mishipa wala vipimo. Yule mama akamuuliza, "Itacheza?" Akamjibu, "Sijui."

Na kesho yake alikuwepo, saa 12 na nusu, kabla ya mzunguko wa wodi. Siku iliyofuata pia. Wiki saba. Aliwasaidia wauguzi kumgeuza kila alipokuwepo ili asipate vidonda vya kulalia, akamfundisha mama yake mpira wa mkojo, akabishana na ofisi mpaka likapatikana godoro zuri. Wiki ya tano dole gumba la mguu wa kushoto likacheza. Wa kulia haukucheza kamwe. Mtoto akaondoka kwa kiti cha magurudumu.

Yule wa mikono mizuri akabadilisha njia yake ya kupitia wodi. Mtu mwenye macho aliliona hilo. Baada ya miezi kadhaa akaomba kuhama. Watu walimsema sana, mimi sikumsema. Nadhani aliumia kuliko sisi sote, ila hakuwa na mahali pa kuyaweka maumivu yake isipokuwa mbali na kitanda kile. Magoti yake yalikuwa mazuri sana, na waliotembea kwa ajili yake ni wengi. Lakini umeniuliza wanatofautiana wapi, nami ndipo nilipowaona wakitofautiana: asubuhi ya kesho yake. Na Jumanne iliyofuata yule wa benchi alikuwa mezani tena, mgongo mwingine, mkono haukutetemeka, wala hakuwa amemsahau mtoto wake wa wodini.

Liko jingine linalowashinda wengi, nalo ni kutopasua. Utakaa kliniki mgongo baada ya mgongo, na wengi wanaoumwa kiuno watapona kwa muda, mazoezi na dawa. Utaletewa binti wa miaka 12 mwenye mgongo uliopinda. Utachora mistari kwenye eksirei kama John Cobb alivyofundisha mwaka 1948, utapata digrii 28. Hapo hakuna kisu. Kuna mkanda wa kumsaidia, na kumwita tena baada ya miezi sita, na tena. Wazazi wametoka mbali kwa nauli ya kukopa, wanakuona humfanyii kitu. Upasuaji huanza kuzungumzwa karibu na digrii 45 au 50, na hata hapo si kwa kila mtu. Kisha utaletewa kijana aliyeanguka kwenye mnazi, au wa bodaboda, ugwe umekatika kabisa. Utamfunga vyuma ili aweze kukaa bila maumivu, na ndugu wataelewa kwamba vyuma ni vya kutembea. Ni kazi yako kuwaambia mapema, kwa maneno ambayo hayaachi mlango. Hii ni ngumu kuliko skrubu ya milimita 5.

Ulitaja pia hamu ya kwenda nje na usirudi. Nenda ukajifunze, mwanangu, maana hakuna daktari wa migongo migumu aliyekamilika bila kukaa chini ya wengine. Lakini msome Oheneba Boachie-Adjei. Mzaliwa wa Kumasi, Ghana, alikwenda Marekani akiwa kijana, akawa bingwa wa migongo iliyopinda New York. Mwaka 1998 akaanzisha shirika la FOCOS, na mwaka 2012 likafungua hospitali Accra. Wanapokewa huko watoto wenye migongo iliyopita digrii 100, mapafu yamebanwa, wa kutoka nchi nyingi za Afrika. Na unajua wengi wao wanaanza na nini? Pete inayofungwa kwenye fuvu kwa pini, kisha uzito unaomvuta mtoto juu, ukiongezwa kidogo kidogo, kwa wiki na hata miezi, kabla kisu hakijagusa ngozi. Mtoto anakula nayo, anatembea nayo kwenye fremu ya magurudumu. Mtu aliyefika kileleni mwa kazi hii akakubali kungoja miezi! Ningependa umfahamu kwa ajili ya hilo kuliko kwa sifa zake.

Miaka unaijua mwenyewe. Umemaliza mitano ya udaktari na huu wa mazoezi. Kuna shahada ya uzamili, au mtihani wa chuo cha madaktari wa upasuaji cha COSECSA kilicho Arusha, halafu ubobezi juu yake. Utasimama kwa muda wa saa nane, hata kumi, umevaa aproni ya madini ya risasi ya kukukinga na mionzi, na mgongo wako nao ni mgongo. Fanya mazoezi tangu sasa. Siku ukibeba mimba sema mapema, usione aibu, usingoje wakuulize. Kuhusu mchumba wako, mwambie ukweli wa zamu za usiku kabla ya posa. Mengine tutazungumza ukija.

Sasa upande wako.

Mwezi wa tatu ulinipigia saa nne usiku ukilia. Yule mama aliyejifungua akatokwa na damu mpaka akafa. Ulisema siku mbili ulipita ngazi za nyuma usikutane na mumewe aliyekuwa anafuatilia karatasi. Sikukujibu kitu wakati ule, na umenishangaa. Nilinyamaza kwa sababu niliiona ile njia ya stoo, nikaogopa. Siku ya tatu ukanipigia tena, ukasema umemtafuta mwenyewe, mmekaa kwenye kibaraza cha mochwari, umemweleza yote tangu alivyopokelewa. Hakuna aliyekutuma. Siku mbili ni nyingi kwa mwanamume yule, nakuambia kama mama yako. Lakini ulirudi.

Zaidi ya hapo sioni, mwanangu, na sitakudanganya. Damu ile haikutoka kwa mkono wako. Bado hujatazama miguu iliyotulia kwa sababu ya kitu ulichokifunga wewe. Hata wale wawili, asubuhi ya siku ile, nisingeweza kukuambia nani ni nani.

Kwa hiyo nimefanya moja. Nimempigia yule daktari wa benchi. Amestaafu utumishi, lakini bado anaitwa kusaidia migongo mizito. Atakuombea ruhusa uingie siku moja kabla hujajaza fomu zozote. Siku hizi mashine ndiyo inayosoma mishipa, ila ikitoa jibu la mashaka bado mtoto anaamshwa, na bado anahitajika mtu wa kutazama. Usijisogeze kifuani kwa daktari ili uone skrubu. Mwombe ukae upande wa miguu. Vaa soksi nene, thieta ina baridi, na unywe uji asubuhi kwa kuwa mnaweza kutoka magharibi.

Ukitoka nipigie, hata ikiwa usiku wa manane. Nitakuwa macho.

Mama yako